Motakaa Kuukuu na Mifupa Yake

Mwalimu mmoja wa upande wa Mpuguso ametuletea swali, nasi twaona vema kulijibu mbele ya wasomaji wote, maana si yeye peke yake aliye na haja nalo. Marehemu baba yake alimwachia motakaa ya Land Rover, namna ile ya zamani yenye springi za vyuma bapa, nayo imekaa chini ya migomba miaka mingi. Watu wa mtaa wake wanamsihi aitengeneze, wapate chombo cha kuwapeleka wagonjwa hospitali ya Makandana wakati wa masika, pikipiki zinaposhindwa na utelezi. Fundi mmoja aliitazama, akasema, "Paka lami chini, tia betri, endesha." Mwalimu auliza: Je, neno hili ni kweli? Na kama si kweli, yeye na wanawe, wasiojua ufundi, waweza kuifungua wenyewe?

La kwanza twalijibu upesi: si kweli. Wasomaji wa kitabu cha nabii Ezekieli wanaujua ule ukuta dhaifu uliopakwa chokaa, na jinsi ulivyoanguka mvua ilipokuja. Lami juu ya chuma kilichooza ni kazi ya namna ile ile, tena ni mbaya zaidi, kwa kuwa huyafungia maji ndani na kuuficha ubovu machoni pa mnunuzi na pa abiria.

Yafaa kujua motakaa hizi zilivyoumbwa. Ya kwanza ilionyeshwa mbele ya watu mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Aliyeifikiria ni Maurice Wilks wa kampuni ya Rover ya Uingereza, aliyetaka gari la kufaa shambani. Baada ya vita vya 1939 hata 1945 chuma kilikuwa haba nchini mwao, walakini alumini ilipatikana; basi mabati ya nje wakayafanya ya alumini. Namna zile zenye springi za vyuma bapa ziliendelea kutengenezwa hata 1985. Alumini haipatwi na kutu kama chuma, na hapo ndipo jicho linapodanganyika. Mtu huyaona mabati ni mazima, akadhani gari lote ni zima. Lakini chini yake imo chasisi, nayo ni ya chuma.

Chasisi ni kama ngazi iliyolazwa: boriti mbili ndefu, na vipande vya kukingama kati yake. Kila boriti ni kasha lenye uwazi ndani, lililoungwa kwa mabamba ya chuma yenye unene wa milimita 2 hivi. Kasha hilo lina nguvu nyingi kwa uzito mdogo. Lakini matope yakiingia hayatoki kwa urahisi, na chuma huliwa toka ndani kuja nje. Nasi wa Rungwe twajua mvua yetu. Nchi ya Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wa mlima wetu hushika kila kitu. Tena penye alumini na chuma vinavyogusana na kupata maji, alumini nayo huliwa, ikawa unga mweupe. Basi gari lililokaa migombani halikupumzika, lilikuwa likiliwa.

Sasa swali la pili. Kufungua, mtu asiyejua ufundi aweza, akiwa na subira. Gari hili limeungwa kwa bolti, na vipande vyake vingi vya mabati watu wawili huviinua pasipo taabu. Kwanza ondoa betri, kisha toa petroli yote, mbali na moto na mbali na jiko la mama. Tangi likivuja, mtu asilichomelee kamwe! Tangi tupu limejaa mvuke, nao hulipuka kama baruti. Limepata kuua mafundi wenye uzoefu. Gari lisimamishwe juu ya magogo ya mti mgumu mahali tambarare, wala si juu ya matofali, maana tofali hupasuka bila kutoa habari. Mtoto asiingie chini lingali juu ya jeki tu.

Kabla ya kufungua chochote, piga picha kwa simu. Picha mia si nyingi. Bolti za mlango ziwekwe katika kopo lake, za sakafu katika kopo lake, na jina liandikwe juu. Wengi huudharau ushauri huu, nao ndio ambao magari yao husimama vipande vipande miaka mitano. Nati nyingi za magari hayo zilifuata vipimo vya Kiingereza vya inchi. Spana ya milimita huzila pembe zake zikawa mviringo, ndipo kazi ya dakika moja huwa ya siku nzima. Zilizoshikwa na kutu zitiwe mafuta jioni, zijaribiwe asubuhi. Mavumbi ya breki kuukuu yasipulizwe kwa mdomo, kwa kuwa huwa na asbesto, nayo hudhuru mapafu. Yaloweshwe kwa maji, yafutwe.

Mabati yakiisha kutoka, na injini imeinuliwa kwa cheni na watu wazima wanaoijua kazi hiyo, chasisi itabaki wazi. Ndipo ukweli utakapojulikana. Chukua nyundo ndogo, uigonge toka mbele hata nyuma. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hutoa sauti ya gunia. Penye sauti mbaya sukuma kwa bisibisi; likipenya, hapo hapana chuma tena. Tazama sana boriti ya kukingama ya nyuma kabisa, mikono ya ubavuni inayobeba mabati, na hasa mahali springi zinaposhikwa, maana pakikatika hapo ekseli huhama na usukani haufai kitu. Mteremko wa kutoka Tukuyu kwenda Kyela hushuka karibu mita 1,000. Si mahali pa kutambua ubovu huo, na mgonjwa yumo nyuma.

Kisha pima. Toka tundu la mbele kushoto hata la nyuma kulia, tena toka la mbele kulia hata la nyuma kushoto. Vipimo viwili vikiwa sawa, chasisi haikupinda. Viandikwe, kwa kuwa fundi wa kuchomelea atavihitaji.

Kuchomelea kwenyewe twamwomba mwalimu asikujaribu. Atafute fundi aliyefunzwa, akae karibu naye atazame. Kilichooza kikatwe hata kufikia chuma kizima, kiwekwe bamba jipya la unene ule ule, si bati la mabanda. Kiraka juu ya kutu kisikubaliwe, hata kwa bei nafuu. Mchomo uwe mfupi mfupi, upande huu na upande huu, na vipimo virudiwe kila mara, maana moto huvuta chuma. Baadaye matundu ya kutolea maji yazibuliwe, mafuta mazito yatiwe ndani ya boriti, na rangi ya kuzuia kutu ipakwe nje. Hapo lami ikitakiwa, ipakwe. Sasa ina kitu cha kulinda.

Huenda nyundo ikasema kwamba zaidi ya nusu ya chasisi imekwisha. Hapo sisi twaona heri kutafuta chasisi nyingine iliyo nzima, ingawa fedha ni nyingi na mavuno ya kahawa hayangoji. Lakini jambo hilo lina sheria yake. Katika magari mengi ya namna hii nambari imegongwa kwenye chasisi, mbele upande wa kulia, karibu na springi. Nambari hiyo isifutwe kwa msasa wala kuhamishwa kwa kificho. Mwalimu aende kwanza kwa Mamlaka ya Mapato akiwa na kadi ya gari, na hati za urithi kama jina ni la marehemu bado, aulize kabla ya kutoa hata shilingi moja. Na mabomba ya breki yote yawe mapya, hata yale yanayoonekana mazuri.