Syokimau: mwenye gari anauziwa nini?

Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki alizindua majibu mawili ya msongamano wa Nairobi katika muda wa siku chache. La kwanza lilikuwa Barabara Kuu ya Thika. La pili, tarehe 13, lilikuwa stesheni mpya ya Syokimau yenye maegesho. Anayetoka Mlolongo, Athi River au Kitengela angeacha gari hapo na kupanda treni, apitie Imara Daima na Makadara hadi Stesheni Kuu, safari ya takriban kilomita 16, huku Barabara ya Mombasa ikiwa imeziba.

Wazo hilo ni zuri hadi leo. Lakini biashara yake haijakua inavyostahili, na sababu haiko kwenye bei.

Tazama mshindani wake. Tangu Mei 2022 madereva wamekuwa na Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, inayopita karibu kabisa na wateja walewale. Gari dogo lililipa Sh360 kwa safari nzima. Januari 2024 ada ikapanda hadi Sh500. Kwenda na kurudi ni Sh1,000, bila mafuta, bila ada ya maegesho ya kaunti. Anayeshuka karibu na katikati mwa jiji hulipa pungufu, lakini hata huyo nauli ya treni humbakishia pesa nyingi mfukoni. Bado analipia barabara.

Analipia uhuru wa kurudi saa anayotaka. Treni za abiria wa Nairobi zimepangwa zaidi kuingia mjini asubuhi na kutoka jioni. Mzazi akipigiwa simu mchana kwamba mtoto anaugua shuleni, gari lake liko Syokimau naye yuko mjini. Atapanda matatu kulifuata, na siku hiyo atakuwa amelipa nauli ya treni na ya matatu pia. Likimtokea mara moja tu, kesho yake ataendesha mwenyewe mpaka mjini.

Ratiba inabanwa na reli yenyewe. Njia hii ni ya kale, ya upana wa mita moja, iliyofika Nairobi mwaka 1899, na sehemu kubwa ni ya mstari mmoja, kwa hiyo treni inayokwenda husubiri inayokuja. Mwaka 2020 stesheni zilikarabatiwa na yakaletwa mabehewa ya dizeli yaliyotumika kisiwani Mallorca, Uhispania. Safari ikapendeza, lakini mstari haukuongezwa. Tena, tangu Madaraka Express, treni ya Mombasa inayopita kwenye reli mpya ya SGR, ianze mwaka 2017, treni za njia hii ya kale hubeba pia abiria wake kati ya kituo chao cha Syokimau na mjini.

Afrika Kusini inaonyesha gharama ya kuufanya mpango huu kikamilifu. Gautrain, iliyoanza Juni 2010, ina stesheni 10 kati ya Johannesburg, Pretoria na uwanja wa ndege wa OR Tambo. Aliyepanda treni hulipa maegesho kwa bei ya chini sana kuliko aliyeacha gari tu akaenda zake, na kadi ileile hufungua geti la magari, treni na basi la kumfikisha kazini. Treni hupita mara kwa mara hata mchana. Uhakika huo una bei: serikali iliahidi Bombela, kampuni iliyopewa kuiendesha, kufidia mapato abiria wakipungua. Ni pesa za umma, na naamini zimetumika mahali panapofaa.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu Syokimau, nalo ni la ardhi. Gari moja likiegeshwa, ukihesabu na njia ya kugeukia, huchukua mita za mraba 25 hivi, na mara nyingi limeleta mtu mmoja. Eneo hilohilo likiwa la kushushia abiria wa matatu na bodaboda lingeleta watu wengi kila saa. Ndiyo maana ningewapa hao lango lililo karibu zaidi na jukwaa, na magari yakae nyuma kwa ada ndogo inayokatwa kwenye tiketi.

Shirika la Reli likipata bajeti ya njia hii, lisianze na kupanua maegesho. Lianze na sehemu za treni kupishana kati ya Makadara na Syokimau, na treni ya saa nane mchana inayoondoka kila siku ya kazi, hata ikiwa na abiria wachache.