Mahindi Yananyauka Shambani Kukiwa na Maji? Huenda ni Chumvi

Mkulima hufungulia maji jioni, na kesho yake adhuhuri mahindi yamekunja majani kama ya wakati wa ukame. Wengi huongeza maji au mbolea. Ikiwa tatizo ni chumvi, gharama hiyo hupotea bure, na shamba huweza kuharibika zaidi.

Chumvi hufanya nini?
Chumvi ikizidi udongoni huyazuia maji yasiingie kwenye mizizi, hivyo mmea huona kiu hata udongo ukiwa umelowa. Chumvi inayopenya hujikusanya majanini na kuyaunguza kuanzia nchani.

Hutoka wapi?
Maji ya mfereji yana chumvi kidogo. Jua likiyakausha, chumvi hubaki. Katika mashamba ya umwagiliaji kama ya Hola na Bura, mitaro ya kutoa maji ikiziba, maji ya chini hupanda na kuileta juu. Kwenye delta, upande wa Ozi na Kipini, Mto Tana ukipungua, maji ya bahari hupanda mtoni wakati wa kujaa na kufikia mashamba ya mpunga.

Nafaka hazilingani
Maabara hupima chumvi kwa desisimensi kwa mita. Mavuno ya mahindi huanza kushuka kipimo kikipita 1.7, na ya mpunga kikipita 3. Mtama huvumilia hadi karibu 6.8. Mpunga huumia zaidi ukiwa mche na unapochanua. Masuke hubaki mapepe.

Ishara za kuangalia
- Ukoko mweupe udongo unapokauka
- Mbegu kuota kwa mabaka
- Ncha za majani kukauka

Hatua za kuchukua
1. Pima udongo kabla ya kupanda. Chukua sampuli sehemu kadhaa za shamba, uzichanganye.
2. Zibua mitaro kwanza, ndipo ufurishe shamba kwa maji baridi ya mto ili chumvi ishuke. Bila mitaro, chumvi itarudi.
3. Panda ubavuni mwa tuta. Chumvi hukusanyika kileleni.
4. Usizidishe mbolea ya dukani, kwani nayo ni aina ya chumvi.
5. Kipimo kikiwa juu, panda mtama badala ya mahindi.

Kabla ya kununua mbegu za msimu ujao, muone afisa wa kilimo wa wadi yako akuelekeze jinsi ya kupima udongo.