Kulizuia Kundi Moja, Kuliacha Jingine Lifanye Kazi

Majitaka yanapofika mtamboni, sehemu kubwa ya naitrojeni ya mkojo na kinyesi huwa imekwisha kuwa amonia. Ikimwagwa ziwani ilivyo, huua samaki na kurutubisha magugu maji. Kazi ya kuiondoa tumewaachia bakteria. Kundi la kwanza, akina Nitrosomonas, huigeuza amonia kuwa naitraiti. La pili, akina Nitrobacter na Nitrospira, huigeuza naitraiti kuwa naitreti. Kisha, pasipo na oksijeni, bakteria wengine huibadilisha naitreti kuwa gesi ya naitrojeni, ambayo hurudi hewani bila madhara.

Tatizo ni gharama. Kila gramu ya naitrojeni huhitaji takriban gramu 4.57 za oksijeni ili ifike kwenye naitreti, na kupuliza hewa ndiko kunakokula umeme mwingi zaidi katika mitambo mingi ya namna hii. Lakini naitreti hiyo, wakati wa kuondolewa, hupitia tena hatua ya naitraiti. Kwa nini basi tusiishie kwenye naitraiti? Tukifanya hivyo tunaokoa robo ya oksijeni na asilimia 40 ya kaboni ambayo bakteria wa mwisho huitumia kama chakula.

Ili tuishie hapo, lazima tulizuie kundi la pili bila kulidhuru la kwanza, na si kila kemikali huweza hilo. Alilithiourea, kizuizi maarufu maabarani, hulizuia kundi la kwanza kwa kushika shaba ambayo kimeng'enya chake hakiwezi kufanya kazi bila hiyo. Kwa hiyo mahali pake ni kwenye chupa ya kipimo cha BOD cha siku 5, yaani oksijeni ambayo bakteria huitumia kuuozesha uchafu, ili oksijeni inayopungua itokane na uchafu wa kikaboni peke yake. Bila alilithiourea, bakteria wa amonia nao hula oksijeni chupani, na mtambo unaofanya kazi vizuri huweza kuonekana umeshindwa.

Kizuizi ninachokiamini zaidi kimo ndani ya majitaka yenyewe. Mwaka 1976 Anthonisen na wenzake walionyesha kuwa amonia huru (NH3, isiyo na chaji) huanza kulidhoofisha kundi la pili ikiwa miligramu 0.1 hadi 1 kwa lita, ilhali la kwanza hustahimili mpaka miligramu 10 hadi 150. pH ikipanda, amonia huru huongezeka. Ikishuka, naitraiti hutoa asidi ya naitrasi, nayo hulidhuru kundi la pili zaidi. Watafiti wa Queensland, Australia, wameitumia asidi hiyo kwa kulitibu kando tope lenye bakteria hao, kisha kulirudisha kwenye tangi.

Hata hivyo, bakteria huzoea sumu. Tena naitraiti ikirundikana, huweza kuongeza gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo kwa uzito huongeza joto la dunia mara 273 kuliko kabonidayoksaidi katika kipindi cha miaka 100. Msimamizi wa mtambo anayeichagua njia hii aipime gesi hiyo tangu siku ya kwanza, wala asihesabu umeme uliookolewa peke yake.