Kompyuta Iifuate Adungu

Adungu, kinubi cha Waalur kilichoenea Nile ya Magharibi, husikika Arua na Koboko katika ibada na arusi. Siku hizi mwalimu wa kwaya aweza kuuandika wimbo kwa nota katika programu ya kompyuta, nayo ikaupiga. Askari aliye lindoni mbali hutumiwa sauti hiyo kwa simu, akajifunza kabla ya likizo. Lakini siku ya kuimba pamoja, wimbo alioushika haulingani na kinubi.

Kosa si la mpigaji. Kompyuta huipa sauti ya A mitetemo 440 kwa sekunde, kipimo kilichothibitishwa na shirika la kimataifa la viwango mwaka 1975. Adungu hukazwa kwa sikio kufuata koo la mwimbaji. Tena ngozi yake hubadilika kwa jua na unyevu.

Wengi hukimbilia kukaza nyuzi. Kigingi kikizungushwa mno uzi hukatika, na akina mama wa sauti ya juu huumia koo bure. Afadhali kuishusha mashine. Uzi wa A upimwe kwa programu ya simu. Ukionyesha 425, basi katika sehemu ya kurekebisha sauti iandikwe 425 badala ya 440. Nota zilizoandikwa hazibadiliki. Sauti tu hushuka, zaidi kidogo ya nusu ya hatua iliyopo kati ya E na F.

Marekebisho hayo, hata hivyo, huzihamisha sauti zote pamoja. Uzi mmoja uliolegea hurudishwa kwa kigingi tu, na mvua ikinyesha kabla ya mazoezi, adungu ipimwe upya.