Zero si sawa na «hakuna namba»

Tuseme vituo vitatu vya afya, kimoja Beni na viwili Butembo, vinapaswa kutuma kila juma hesabu ya wagonjwa. Cha kwanza kinatuma 6, cha pili 3. Cha tatu hakitumi kitu kwa sababu barabara imefungwa. Kama programu inaweka zero pale patupu, itasema wastani ni wagonjwa 3 kwa kila kituo. Kumbe vituo viwili vilivyotuma vina wastani wa 4,5. Kituo cha tatu hakikusema «hatuna mgonjwa». Kilinyamaza tu.

Wakaaji wa Beni na Butembo wanajua uzito wa jambo hilo. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kuwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020. Kabla ya kutangaza mwisho, zinahesabiwa siku 42 bila mgonjwa mpya. Lakini mwezi wa pili 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Siku ile timu haiwezi kufika mtaani, kukosa ripoti si kukosa mgonjwa.

Ndani ya ordinatere, namba zenye mkato ziko za aina tano: zero; namba za kawaida; namba ndogo mno zinazokaribia zero; namba isiyo na mwisho, kama 5 ikigawanywa kwa zero; na NaN, maana yake «si namba», kama zero ikigawanywa kwa zero. Programu nyingi zinatumia NaN pia pahali ambapo hesabu imekosekana.

Zamani kila kampuni ilikuwa na namna yake, na hesabu moja iliweza kutoa majibu mbalimbali kwenye mashini mbili. Mwaka 1985 kanuni ya IEEE 754, iliyofanyiwa kazi kubwa na mwalimu William Kahan, mzaliwa wa Kanada, ikaleta mapatano. Mwaka 1999 lugha ya programu C ikapata amri fpclassify, inayouliza namba ni ya aina gani, kusudi swali liwe moja kwa kila mashini.

Kuna njia ya mkato: NaN hailingani hata na yenyewe, basi wengine wanailinganisha na yenyewe ili kuitambua. Inafaa, mpaka programu itayarishwe kwa mpangilio wa kuharakisha hesabu, unaodhani NaN haipo kabisa. Hapo hata fpclassify inaweza kudanganya, pengine bila onyo. Programu ya afya isitumie mpangilio huo.

Kwa mwenye kujaza fomu, jambo ni jepesi: kama hakuna mgonjwa, andika 0, kama haijulikani, acha wazi na uandike sababu. Na programu iseme ukweli wote: wastani ni 4,5, kwa vituo 2 kati ya 3.