Mbele ya kusaini PV

Watu wengi wananiuliza: mtu akisha kukubali kosa kwa polisi na kusaini PV, ile karatasi ya majibu yake, kesi si imeisha? Hapana. Kwa sheria ya Congo, kukubali kosa ni ushahidi kama ushahidi mwingine. Juji anaupima na mambo mengine ya dosye, na anaweza kuukataa.

Lakini tusidanganyane, ile karatasi ina nguvu. Njo maana sheria inaiwekea mipaka. Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inataka mtu aliyekamatwa aambiwe papo hapo sababu, tena katika luga anayoelewa, na aambiwe haki zake. Anaweza kuita familia ao avoka. Haruhusiwi kulala kasho kupita saa 48: wamuachilie ao wamupeleke parke. Kifungu cha 19 kinasema avoka anaweza kuwa naye hata pale polisi wanapomuuliza. Na kutesa mtu ili akubali ni kosa lenyewe: sheria ya tarehe 9 Julai 2011 inaliazibu kwa kifungo cha miaka 5 mpaka 10.

Kwa maoni yangu, shida haiko fimbo peke yake. Iko luga. Hapa kwetu Mashariki, OPJ anauliza kwa Kiswahili, kijana anajibu kwa Kiswahili, PV inaandikwa kwa Kifaransa. Kijana anasema «nilikuwa nao pale», maana alipita akawakuta barabarani. Kwa Kifaransa inaweza kutoka kama vile alishiriki. Anasaini, juu anataka kurudi nyumbani. Kisha miezi, mbele ya tribinali, analia «sikusema vile», na sahihi yake iko chini kabisa.

Kwa hiyo ukiitwa, ao ndugu yako akiitwa, omba PV isomwe kwa Kiswahili, neno kwa neno. Penye kosa, omba lirekebishwe mbele ya kusaini. Wakikataa, usisaini, na omba waandike kwamba umekataa na sababu yake. Hii wengi hawaijui: OPJ naye anaapa kwa maandishi, mwisho wa PV, kwamba ni ya kweli. Avoka anaweza kumurudisha kwa kile kiapo.

Tena muangalie tarehe na saa ya kuingia kasho. Zikipita 48, avoka mzuri anaanzia pale.