Ploti Ndiyo Mteja

Kinyozi wa Riruta Satellite akimnyoa mtu vizuri leo, anamtazamia tena baada ya wiki mbili. Mama mboga anamtazamia kesho jioni. Mpimaji ardhi hana bahati hiyo: mtu wa kawaida humwita mara moja maishani, pengine mbili, na akishaonyeshwa bikoni zake, yaani alama za mpaka, humsahau. Kwa hiyo mashauri ya kawaida ya biashara, mpe mteja punguzo arudi, mtumie salamu za sikukuu, hayamfai sana mwenye ofisi ndogo ya upimaji. Hata hivyo zipo ofisi za watu wawili watatu zinazodumu miaka na miaka katika kazi hii. Nadhani siri yao ni kwamba mteja wao hasa ni ploti. Wenye ploti hubadilika. Kazi hurudi kwenye kipande kilekile.

Riruta inalionyesha jambo hili kuliko mitaa mingi ya Nairobi. Hapa palikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu kabla ya kuingizwa jijini, na hati zake bado huanza na maneno Dagoretti/Riruta kabla ya namba. Mashamba yalikusanywa na kusajiliwa tangu miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari ya kikoloni, chini ya mpango wa ardhi wa Swynnerton wa 1954, na mipaka ikachorwa kwa kufuata nyua za miti zilizoonekana katika picha za angani. Kwa lugha ya sheria hiyo ni mipaka ya jumla: ramani ya rejista inaonyesha kipande kiko wapi na kinapakana na nani, lakini haiapi kwamba ukuta upite hapa na usipite pale. Hati yenyewe hukiri kwamba ukubwa ulioandikwa ni wa kukadiria. Kwa shamba la ekari nne lenye ua wa kaiyaba pande zote, mita moja haikumnyima mtu usingizi. Shamba kama hilo limeshagawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, kisha likauzwa vipande kwa wageni, na palipokuwa na kaiyaba pana ukuta wa mawe na flati ya ghorofa tano. Kila mgawanyo hufunga namba mama na kuzaa namba mpya, na hakuna namba mpya isiyopitia kwa mpimaji. Baba anagawa. Mrithi anauza, na mnunuzi anataka kuonyeshwa bikoni kabla ya kulipa. Benki inataka kujua kwamba ploti inayowekwa rehani ndiyo hiyo iliyo kwenye hati. Jirani anachimba msingi na kuambiwa amevuka. Aliyefanya kazi ya kwanza na kutunza vipimo vyake anaweza kufanya zote zinazofuata, tena kwa gharama ndogo kuliko anayeanza upya.

Imani ya wateja, nayo, hujengwa kwa hesabu ndogondogo. Chukua ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo madalali huiuza kama thumni ya ekari. Ukizidisha unapata futi za mraba 5,000, lakini thumni halisi ya ekari ni 5,445. Pengo hilo la futi za mraba 445 ni zaidi ya vyumba vinne vya futi kumi kwa kumi, na Riruta ardhi huhesabiwa kwa vyumba. Mpimaji anayemweleza mnunuzi jambo hili kabla ya kuweka sahihi amemfanyia kazi ambayo dalali hakuwa na sababu ya kuifanya. Upana wa ploti hiyo kwa mita ni 15 na kidogo. Simu ya mkononi ikikosea mita tatu, na hukosea hivyo mara nyingi, imekula sehemu moja ya tano ya upana wote. Anayekuja na simu akajifanya anapima anaweza kuonyesha ploti iko upande gani wa barabara; hawezi kuonyesha mahali pa kujenga ukuta. Mpimaji wa kweli huja na mashine ya kupima pembe na umbali, au kipokezi cha setilaiti kinachosahihishwa hadi sentimita chache, na kabla ya kuja ameshachukua nakala za ramani na michoro ya migawanyo kutoka ofisi za Serikali. Nusu ya kazi yake imeshafanyika kwenye makaratasi.

Mteja wa kwanza basi anatoka wapi? Mara nyingi anatoka kwenye msiba. Mzee akifariki, familia huenda mahakamani kutafuta barua za usimamizi wa mirathi, mahakama ikithibitisha mgawo, na karatasi hiyo haina maana mpaka igeuzwe kuwa mistari ardhini. Wakili aliyeshika faili ndiye hutaja jina la mpimaji, kwa hiyo ofisi ndogo inayotaka kazi huanza kwa mawakili. Baadaye siku ya kupima hufanya matangazo ambayo hakuna kibao kinachoweza kuyafanya. Anayelipa ni mmoja, ila wanaotazama ni ndugu wote, wake zao na majirani wa pande nne, kila mmoja akiihesabu kamba kwa macho yake. Mpimaji akionekana kumnong'oneza yule aliyempa nauli, amewapoteza wengine wote kwa siku moja. Akisoma vipimo kwa sauti na kumwita jirani aone bikoni ya zamani ikifukuliwa, ameondoka na wateja kadhaa wa baadaye.

Utaambiwa kwamba haya ni maneno mazuri tu, na kwamba mtu wa Riruta huangalia bei, basi. Ni kweli kwa kazi ya kuonyeshwa bikoni, ambapo kijana yeyote mwenye kifaa anaweza kushusha bei hadi isimlipe mwenzake. Lakini chini ya Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, michoro ya kusajili ardhi hutiwa sahihi na mpimaji mwenye leseni, na bei ya chini haisaidii ikiwa mgawanyo umekataliwa. Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa ofisi ndogo: nyingi ni za vijana wenye shahada au diploma wanaofanya kazi kwa leseni ya mwingine. Mwenye leseni akihama au akistaafu, wanabaki na wateja bila sahihi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mpimaji mkweli hufukuza wateja. Amwambie mwenye flati kwamba ukuta wake umeingia kwa jirani, na huyo atatafuta mwingine atakayesema kinyume. Atampata. Lakini Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inaizuia mahakama kusikiliza kesi ya mpaka kabla msajili wa ardhi hajauamua mpaka wenyewe, na msajili huja ardhini na mpimaji wa Serikali pamoja na ramani. Siku hiyo kinachohesabika ni vipimo, na jirani aliyeonewa anajua ni nani aliyesema kweli mwanzoni.

Wengine wanasema Ardhisasa, mfumo wa kidijitali uliozinduliwa Aprili 27, 2021 na kuanzia Nairobi, utaua thamani ya faili la mpimaji. Sidhani. Mfumo unahifadhi kilichosajiliwa. Haukuambii kwamba bikoni ya kaskazini ilifunikwa na lami, au kwamba mzee aling'oa kaiyaba na kujenga hatua mbili ndani ili asigombane na mtu. Hayo yamo kwenye daftari la aliyekuwa pale.

Ukivuka Ngong Road kwenda Kibera, hesabu hii ya ploti kuwa mteja inavunjika. Sehemu kubwa ya ardhi huko haina hati za watu binafsi, na hata Wanubi wa huko, walipopewa hati mwaka 2017, walipewa moja ya jamii nzima kwa ekari 288. Mlolongo wa mrithi, mnunuzi na benki haupo, na mpimaji hutegemea miradi ya Serikali na mashirika.

Kwa msomaji mwenye ploti: ukishamlipa mpimaji, usiondoke na ujumbe wa M-Pesa pekee. Mdai karatasi ya vipimo vya bikoni zote, yenye jina na namba ya leseni ya aliyetia sahihi, uiweke bahasha moja na hati.